Mstari wa Kumi

Mezani pale Chaka, kwenye nyama choma za njia ya Nanyuki, tulikaa watu sita tuliojuana kwa majina ambayo si mama zetu waliotupa. Simba wa Gakindu alikuja na mkongojo. Malkia wa Kahawa, ambaye ujanani wanaume walimwandikia kadi kwa foleni bila kumwona, aligeuka kuwa mama mmoja mnene, mcheshi, mwenye wajukuu tisa na meno mapya yaliyomsumbua kwenye mbavu za mbuzi. Tulikuwa wanasalamu. Kijana wa leo akitaka kujua hicho ni kitu gani, tulikuwa watu wa kununua kadi, kuijaza majina ya jamaa na marafiki, kuituma kwa posta hadi kituo cha redio Nairobi, kisha kutega sikio wiki tatu au nne tukingoja mtangazaji aisome na kuweka wimbo. Wengi wetu hatukuwahi kuonana hadi siku hiyo, ingawa tulikuwa tumesalimiana hewani tangu nywele zikiwa nyeusi.

Nyama ilipopungua, Simba aligonga sahani kwa uma. "Mwalimu," akaniambia, "si wewe ndio ulisoma kutupita? Hebu sema ukweri. Hii kitu yetu ilikuwa na maana, ama tulikuwa tunasumbua tu mawimbi? Ati mjukuu yangu ananiuliza, guka, kwani mlikuwa mnangoja mwezi mzima ndio muambiwe hujambo?" Wote walicheka, kisha wakanigeukia. Jibu nilikuwa nalo miaka mingi. Nimefundisha Kiswahili karibu na Giakanja mpaka nikastaafu, na kalamu yangu nyekundu ilipigana na redio muda wote huo. Mtoto wa Tetu, ambaye bahari hajaiona hata kwenye kalenda, anamtumia shangazi yake, kwenye insha ya barua, salamu nyingi kama mchanga wa pwani. Nakata. Mwingine yu buheri wa afya kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, na ukimwuliza buheri ni nini anakodoa macho. Nakata. Nyimbo zenyewe pia nimezirudia. Siku hizi zimo kwenye simu, zote, na nimezisikiliza jikoni nikiosha vyombo, moja baada ya nyingine, nikitafuta kile kilichotufanya tuache ugali uungue. Nyingi, nisidanganye, ni gitaa linalozunguka palepale kama ng'ombe aliyefungwa kambani, na mwanamume anayelia kwamba ameachwa. Ningeweza kumwambia Simba hivyo na tukaendelea kula. Lakini nilisimama, nikaketi, nikasimama tena, nikasema nina mtu wa kumwona Nanyuki kabla jua halijazama.

"Hata chai hujamaliza," Malkia akasema. "Kwani wewe mama hukai?"

"Leo sikai."

Mkobani nilikuwa na vitu viwili vilivyonikosesha raha tangu asubuhi: makasi ya fundi nguo, makubwa, mazito, na kipande cha karatasi ya kaki kilichokunjwa mara nne. Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimeketi kwenye matanga ya Mama Idi, jirani yangu wa ujanani, Majengo, mjini Nyeri, nyuma ya wanawake wawili waliokuwa wakichambua mchele wa pilau. Mmoja alisema, "Maskini, amekufa na hiyo kitu kwa roho. Mzee wake alikataa mtoto mpaka kaburini. Hata kwa redio alikataa kumtaja." Mwenzake akaitika, "Si hata sisi tulisikia." Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Nilijua kwamba si kweli, na duniani pote ni mimi peke yangu niliyejua.

Mwaka wa jambo lenyewe nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sikuwa na habari nitaitwa wapi, basi nikapata kazi ya kupika chai katika hoteli moja mjini Nyeri, chini kidogo ya Majengo. Tukisema hoteli huku kwetu hatusemi vitanda. Ni mabenchi manne, meza za mbao, kuta zilizopakwa rangi ya kijani hadi usawa wa kiuno, na moshi. Redio ilikaa kwenye rafu juu ya sufuria ya maziwa, imevaa koti la kitambaa cheusi lenye vifungo, nalo lilishonwa na Mzee Rajabu ili mvuke usiiue. Mzee Rajabu alikuwa fundi cherehani wa barazani petu. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya jiko langu, ukuta mmoja wa mbao kati yetu, hivi kwamba Ijumaa nilijua pilau imeiva kabla mwenye pilau hajajua. Mkewe, Mama Idi, alinipitishia sahani dirishani akisema, "Kula, mtoto, hiyo githeri yako ya mahindi na maharagwe imekukausha." Nilikula nimesimama, jicho moja kwenye maziwa.

Mzee alisoma Kurani bila kukwama, lakini herufi za shule zilimshinda, kwa hiyo kadi zake nilimwandikia mimi. Hewani aliitwa Sindano ya Dhahabu, na watangazaji walilipenda jina hilo, wakalivuta mpaka wateja wangu wakaacha mandazi hewani, nusu njia ya kinywa. Kadi zangu mimi, nilizotuma kwa jina langu, miaka hiyo hazikusomwa hata mara moja. Leo naweza kulicheka jambo hilo. Wakati ule halikuwa la kucheka. Nilikuwa msichana ambaye hakuna mtu aliyemtaja mahali popote, si shuleni siku ya zawadi, si kanisani, na usiku nilijisomea jina langu kwa sauti ya mtangazaji, Nyambura, Nyambura wa Nyeri, taratibu, kama vile taifa zima limenyamaza kulisikia. Na wanasalamu walikuwa na desturi yao. Kadi ilikuwa na mistari kumi ya majina, haizidi. Ukibana jina la kumi na moja pembeni, kadi yote ilitupwa. Mtu akikuandikia kadi, mstari wa kumi ulikuwa wake, ndiyo asante yake. Mzee aliijua desturi hiyo, lakini kila mara alikuwa na majirani wengi wa kuwaridhisha, na kila mara aliniambia, "Ingine inakuja, Nyambura. Wewe ni wa nyumba." Wa nyumba alikuwa anangoja tu.

Kuhusu Idi, mtoto wake wa pekee, hakuna mteja ambaye hakujua. Mzee alimnunulia cherehani ya pili, akaiweka kando ya yake, na kwa miaka miwili baba na mwana wakashona bega kwa bega. Siku moja Idi alipanda na wafanyabiashara wa mbuzi kwenda Nanyuki, hakuaga, na mezani aliacha suruali ya mtu imekatwa mguu mmoja. Mzee aliketi akaukata mguu wa pili, akaishona suruali yote, akaipiga pasi, kisha akasema jina la Idi lisitajwe mbele yake. Yeye mwenyewe alilishika neno lake kupita kiasi. Majengo nzima ilimwita mkewe Mama Idi, nami nilimwita hivyo, lakini mumewe alianza kumwita Zainabu. Nilisikia mabishano yao kupitia ukutani nikipepeta majani ya chai. "Mtoto ni wako," mama alisema. "Mtumie neno basi." Mzee akajibu, "Alitokea mlango gani? Arudi na huo huo." Kisha cherehani ikalia kwa nguvu, kuziba mdomo wa mtu.

Alasiri moja ya mvua, hoteli ikiwa tupu, aliniita barazani. Nilileta kalamu. Kwa kawaida alinitajia maneno nikayaandika kwanza juu ya karatasi ya kaki aliyotumia kukatia vipimo vya nguo, baadaye nikayanakili kwenye kadi kwa mwandiko mzuri. Alitaja majina tisa haraka haraka, mguu wake ukiendelea kukanyaga: mke wangu Zainabu, imamu, mwenye hoteli, ndugu yake wa Karatina, na wengine wa jirani. Nikafika mstari wa kumi nikatulia, nikimtazama kwa tabasamu la mtu anayejua haki yake imefika. Mguu wake ulisimama. Alitazama mvua muda mrefu.

"Hapo andika Idi," akasema. "Nanyuki, kwa soko ya mbuzi. Hao wote wako na redio huko."

"Na ujumbe, Mzee?"

"Andika, mlango umerudishwa tu. Haujafungwa."

Nilikuwa na akili za kutosha kuelewa nilichosikia. Hili ndilo ninalotaka lieleweke, maana nimejitetea miaka mingi kwamba nilikuwa mtoto. Nilielewa kwamba mzee mwenye kiburi alikuwa amepata njia moja tu ya kusema samahani bila kufungua mdomo wake mbele ya mtu, na kwamba njia hiyo ilipitia mkononi mwangu. Lakini asubuhi yake, nikiwa na kadi kwenye kaunta ya chai, mstari wa kumi ulinitazama. Nilijiambia ni wangu kwa desturi. Nilijiambia hasira za Mzee zitarudi, kesho atajuta, na kadi ijayo nitamweka Idi wa kwanza kabisa. Nikaandika Nyambura wa hoteli, kwa mwandiko wangu bora wa mwaka ule, nikaitumbukiza kadi posta kabla maziwa hayajachemka. Sikujisikia mwizi hata kidogo. Nilirudi kazini nikiimba.

Mzee Rajabu alianguka wiki ya tatu baadaye, akifunika cherehani. Kabla ya alasiri wanaume walikuwa wameshamzika. Idi alifika kesho yake kutoka Nanyuki, vumbi kwenye kope, akamkuta mama yake sakafuni kati ya wanawake. Alikaa matangani siku mbili pale mlangoni, ndani si ndani, nje si nje, akipokea pole kwa kichwa. Siku ya tatu, nyumba ikiwa imejaa, redio yangu upande wa pili wa ukuta ilifika saa ya salamu. Nilikuwa nimeisahau kadi, au najidanganya kwamba nilikuwa nimeisahau. Sauti ikapenya mbao: kadi hii inatoka kwake Sindano ya Dhahabu, Majengo, Nyeri. Mtu akapiga kelele, "Ongeza! Ongeza sauti!" Nikaongeza. Nyumba nzima ikaganda, wamsikilize aliyezikwa juzi akiwasalimu. Kila jina liliposomwa, mwenyewe alilipuka kilio. Mke wangu Zainabu, na Mama Idi akajifunika uso. Imamu akafuta macho. Tisa wakapita hivyo. Kupitia dirisha la sahani nilimwona Idi ameacha kuegemea mlango, amesimama wima kama mtoto anayengoja kuitwa. Kisha mtangazaji, kwa furaha yake yote, akasema, na mwisho kabisa, Nyambura wa hoteli. Halafu ule ujumbe. Halafu wimbo.

Watu waliufasiri ujumbe palepale. Alikiona kifo, walisema, huo ni mlango wa akhera. Idi hakufasiri kitu. Alitazama dirishani kwangu, akasema kwa sauti ya chini niliyoisikia vizuri mno, "Hata msichana wa chai." Akachukua koti lake. Ndilo jina ambalo nililingojea maisha yangu yote, limesomwa kwa taifa, nami nilitamani ardhi inimeze.

Arobaini ilipoisha, Mama Idi aliniita akaniwekea makasi ya Mzee mkononi. "Mume wangu alikupenda," alisema. "Wangapi hakuwataja, wewe akakutaja. Kaa nayo." Hapo ndipo ningesema. Kinywa nilikifungua kabisa. Lakini alikuwa ananitazama kama mtu aliyebakiziwa mtoto mmoja, nikayachukua makasi. Nikaenda chuo cha ualimu, nikaolewa, nikamtembelea kila sikukuu na sukari na majani ya chai, na kila sikukuu nilipanga kusema nikishamaliza kunywa chai. Idi alimtumia nyama na nguo kwa watu. Mwenyewe alikuja mara chache, akakaa muda wa swala moja, akaondoka. Cherehani yake ilibaki kando ya ile ya baba yake, imefunikwa. Na mimi nikawa mwalimu mkali wa kukata salamu kwa wino mwekundu. Sasa naona nilichokuwa nakata. Nilitaka lile jambo lote liwe upuuzi, maana kama ni upuuzi, basi nami sikuiba chochote cha thamani.

Nyumba ya Idi iko nyuma ya soko la mifugo Nanyuki, ua safi, mlango wa bati la buluu. Nilipiga hodi. Alitoka mzee mwenye ndevu za hina na baba yake usoni, nikarudi nyuma hatua moja.

"Pole sana kwa Mama," nikasema.

"Tumeshapoa. Wewe ndio ule msichana wa chai." Hakuuliza, alisema tu. "Nilikuona kwa matanga umejificha nyuma. Ingia. Keti."

"Nitasimama tu. Nikiketi sitasema."

Nikasema. Nilisema yote nikitembea kutoka kabatini hadi dirishani, kadi, desturi, mvua, mguu wa Mzee uliosimama, jina lake lililotajwa. Nilipomaliza niliweka makasi mezani, na kando yake ile karatasi ya kaki, ambayo niliikunja mwaka ule nikaificha ndani ya Biblia, kwa sababu ambayo mpaka leo siijui. Aliyatazama makasi, hakuyagusa.

"Mama amekufa juzi tu," akasema.

"Najua."

"Alikuwa ananiuliza kila nikienda. Idi, mwanangu, ulimfanyia baba yako nini kingine, ambacho sikijui? Ungekuja mwezi moja kabla."

"Ningekuja siku ileile. Nilikuwa upande wa pili wa ukuta."

Nilingoja anifukuze, na nakiri nilitamani anifukuze, ningejua pa kwenda. Akasukuma karatasi kwangu kwa kidole kimoja. "Hii macho yangu siku hizi ni ya kuangalia mbuzi. Nisomee." Nikaanza kusoma kwa sauti ya darasani. Akainua mkono. "Si hivyo. Soma vile walikuwa wanasoma."

Basi mimi, niliyewacheka watangazaji wale kwa wanafunzi wa miaka mingi, nilisimama katikati ya sebule ya Nanyuki nikaivuta sauti. Kadi hii inatoka kwake Sindano ya Dhahabu, Majengo, Nyeri, akiwa mzima buheri wa afya, akitarajia nanyi hamjambo popote mlipo. Hayo hayakuwa kwenye karatasi. Yalikuja yenyewe, na sikuona neno hata moja la kukata. Nikamsalimu Zainabu. Nikamsalimu imamu, na mwenye hoteli, na ndugu wa Karatina, marehemu wote, mmoja mmoja. Na mwisho kabisa, nikasema, salamu hizi zimfikie Idi, Nanyuki, kwenye soko la mbuzi, pamoja na ujumbe: mlango umerudishwa tu, haujafungwa. Neno la mwisho lilifika.

Idi alikuwa amefumba macho. Kisha akasema, "Jina yako sijaisikia."

"Halimo. Mzee hakulitaja."

"Kwa hivyo miaka hii yote," akasema polepole, akinitazama bila hasira, na afadhali ingekuwa hasira, "kumbe mwenye hakusalimiwa ni wewe."

Adhana ya alasiri ilianza mtaani. Alichukua makasi, akayatia mfukoni mwa koti, karatasi akaikunja kwa mikunjo yake ileile minne, akavaa kofia. Hakuniambia ningoje wala hakuniambia niende. Alitoka, akaurudisha mlango nyuma yake, na sikusikia komeo. Chai aliyokuwa amenitilia ilikuwa mezani, kikombe kimoja. Nikaketi.